Nyumbu Anunua Nyumba

Nyumbu alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba wake alikuwa Simba, na kodi ilitozwa kwa nyama: kila mwisho wa mwezi mmoja wa ukoo aliitwa pembeni usiku, hakurudi, na asubuhi waliobaki waliendelea kula nyasi huku wakiulizana habari za watoto. Mahali penyewe ni Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117 zilizotengwa mwaka 1946, yenye uzio pande tatu na maghorofa yanayoichungulia kutoka kaskazini. Upande wa kusini hauna uzio. Mpaka wake ni Mto Mbagathi, na ukiuvuka mto huo unaingia nyanda za Athi-Kapiti, njia ya Kitengela, ambako watu wazima huenda kuzika akiba zao.

Kazi ya Nyumbu ilikuwa mjini. Alikuwa mtumishi katika idara ya kukimbia: wenzake wakikimbia, naye anakimbia, wakisimama, anasimama na kujaza fomu. Hakuwahi kuuliza wanakimbia nini, na kwa sababu hiyo alipandishwa cheo mara mbili. Mkewe, Mama Ndama, alikuwa na tabia ya kuuliza. Hakuna idara iliyomwajiri.

Jumamosi moja akaja Sungura. Yule wa hekaya za bibi zetu alivaa kaptura na kuiba karanga shambani. Huyu alivaa suti ya buluu, simu mbili mkononi na kitambulisho kikining'inia shingoni, na alimwita kila mtu bosi.

"Bosi wangu Baba Ndama, umepotea sana!" alisema, ingawa hawakuwa wamewahi kuonana. "Hebu niambie. Unamlipa Simba kila mwezi, sivyo? Sasa Simba akishashiba, anakupa hati?"

Nyumbu akakiri kwamba hapewi.

"Basi hiyo si kodi, ni sadaka. Pesa hiyohiyo ingekulipia nyumba yako mwenyewe."

Nimeyasikia maneno hayo kwa madalali wengi, na sijawahi kuonyeshwa hesabu ambamo pesa hiyohiyo ilitosha. Lakini Nyumbu alikuwa amempoteza binamu wiki ile, na mwenye msiba haangalii hesabu. Alipokea karatasi ya rangi. Ndani yake mlikuwa na nyumba 120 nyeupe, za vyumba vitatu, kila mlango na mti wake, kila mti na mtoto anayeendesha baiskeli chini yake. Mtaa uliitwa Bustani ya Migunga. Wajenzi wa pembezoni mwa Nairobi wana desturi ya kuupa mtaa jina la kile kilichong'olewa ili mtaa upatikane. Migunga yenyewe ilikuwa imekwisha kuuzwa makaa.

Chini kabisa, kwa herufi za dhahabu: dakika 25 hadi katikati ya mji.

Nisije nikasema dalali alidanganya. Kitengela iko kilomita 30 hivi kutoka katikati ya Nairobi, na dakika hizo zilipimwa kweli. Aliyepima ni Duma. Alipima siku ya Krismasi, saa kumi alfajiri, peke yake barabarani, na wakati wa kurudi alipumzika siku mbili ambazo hazikuandikwa.

Nyumbu aliitazama ramani ya kiwanja kwa muda mrefu. Kwenye kona palichorwa kijito, na kando ya kijito mwamba. "Mwamba huu naujua," alisema. "Hapa ndipo bibi alipomzaa mama yangu."

Sungura hakubabaika hata kidogo. "Ndiyo maana nikakutafuta wewe kwanza. Ardhi ya urithi, bosi! Na kwako wewe, milioni saba na nusu tu."

Nitoke kidogo nje ya hekaya, kwa kuwa hapa Nyumbu hakukosea. Zamani mvua zilipoanza, nyumbu na punda milia waliiacha mbuga, wakavuka mto, wakaenda kuzaa katika nyanda za kusini zenye nyasi fupi. Kiangazi kikiingia walirudi mbugani kufuata maji. Katika miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Waliobaki leo ni maelfu machache. Wakati ule ardhi ilikuwa ya Wamaasai kwa pamoja. Katika miaka ya 1980 ikagawanywa kila mtu na ekari zake, viwanda vikaja Athi River, machimbo ya mawe yakafunguliwa, na uzio ukafuata uzio. Mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge uzio wala kuuza, wanyama wapate kupita. Dola 4. Mwaka wa ukame, karo ikidaiwa na mifugo ikifa, hakuna mzazi anayelinganisha dola 4 na mkoba wa dalali halafu akachagua nyasi. Simba nao walijaribu kuitumia njia ya zamani: sita waliuawa Kitengela mwezi Juni 2012 baada ya kuvamia mifugo, na Machi 2016 mwingine, maarufu kwa jina la Mohawk, alipigwa risasi Isinya. Alikuwa ameenda mbali kidogo na eneo linalouzwa kwa ramani.

Turudi. Jumapili familia ikapelekwa kuiona nyumba ya mfano, kwa basi la bure lenye soda. Ilisimama peke yake katikati ya uwanda, imepakwa rangi mpya, na mbele yake alisimama mjenzi mkuu, Bwana Twiga.

Wengi hudhani mwenye kuuza nyumba zisizokuwepo atakuwa Fisi. Fisi hawezi kuuza hata mfupa: wateja wakimwona hushika mikoba yao. Twiga ana macho makubwa yenye kope ndefu, hasemi ovyo, na kichwa chake kiko juu kiasi kwamba ukizungumza naye unajikuta umeangalia mbinguni. Mtu akikaa katika hali hiyo kwa nusu saa husamehe mengi.

Ndani ya nyumba ya mfano Nyumbu alishangazwa na nafasi. Sebule ilionekana pana, chumba kikuu kipana, jikoni pana. Mama Ndama ndiye aliyejaribu kuketi. Kiti kikapotea chini yake. Samani zote, kitanda, meza na makochi, zilikuwa zimechongwa kwa kipimo cha Digidigi, na milango ya vyumba ilikuwa imeng'olewa ili isipunguze macho. Nyumbu alipogeuka kutoka, pembe zake zilichora mistari miwili ukutani, na Sungura akaandika kwenye daftari kwamba mteja ameonyesha nia.

"Bwana Twiga," Mama Ndama aliuliza, "maji yatatoka wapi?"

Twiga akainua shingo. "Nauona mto."

"Na shule?"

"Naiona."

"Na usafiri wa kwenda kazini? Tumesikia reli inakuja."

"Naiona stesheni, mama. Naiona vizuri sana."

Alikuwa mkweli. Kila anachokiona Twiga kipo. Ila yeye huona kwa shingo na wewe utakwenda kwa miguu. Stesheni aliyoiona ilikuwa ya Syokimau, iliyofunguliwa mwaka 2012, na ili uifikie kutoka Bustani ya Migunga inakubidi kwanza uvumilie sehemu yote mbaya ya safari.

Mama Ndama hakukoma. "Novemba 2011 nyumba zilibomolewa hukohuko Syokimau, karibu na uwanja wa ndege, na wenyewe walikuwa na karatasi mikononi. Oktoba 2023 zikabomolewa Mavoko, katika ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kiwanda cha saruji. Wale nao waliuziwa. Wale nao walikuwa na risiti."

"Risiti, mama, si hati," alisema Sungura. "Sisi tunatoa hati."

"Lini?"

"Ukimaliza kulipa."

Nyumbu alimkanyaga mkewe kwato chini ya meza ya Digidigi. Wenzake kutoka idarani walikuwa wamekwisha kupanga foleni ya kulipa rubuni, na yeye, kama nilivyosema, akiona foleni ikisogea husogea.

Rubuni ilikuwa asilimia 20, yaani milioni moja na nusu. Akiba yote ikaenda, na mkopo wa sako, na ng'ombe wa shemeji. Zilizobaki milioni sita zilitoka kwa Kupe.

Ofisi ya Kupe ilikuwa nyuma ya sikio la Nyati, mahali penye joto na zulia. Kupe alikuwa mdogo, mpole, tena mwenye subira. "Karibu sana, mteja wetu," alisema. "Nionyeshe damu."

Nyumbu akatoa karatasi ya mshahara. Kupe akaionja pembeni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaeleza kwamba si kila anayeomba hupewa: Kenya nzima, nchi ya watu zaidi ya milioni 50, mikopo ya nyumba iliyo katika mabenki ni takribani 30,000 tu. "Wengine wote hawana damu ya kutosha. Wewe umebahatika."

Nyumbu alihisi fahari. Ni fahari ya kweli, tusiicheke haraka. Mtu aliyezoea kuona wenzake wakiitwa pembeni usiku, leo ameitwa ofisini mchana na kupewa chai.

Masharti yalikuwa asilimia 14 kwa mwaka, kwa miaka 20. Kupe hakuficha kitu, alisoma kila mstari kwa sauti ya kubembeleza mtoto alale. Kwa hiyo Nyumbu hakusikia kwamba angelipa shilingi 74,600 kila mwezi, kwamba katika malipo ya mwezi wa kwanza 70,000 zingekuwa riba na ni 4,600 tu zingepunguza deni, wala kwamba mwisho wa miaka 20 zile milioni sita zingekuwa zimemtoka karibu milioni 18. Nyumba moja ingejengwa Kitengela, na mbili tumboni mwa Kupe.

Akahitajika wakili. Akaletwa Shashi, yule ndege apandaye mgongoni mwa nyati na vifaru kuwatoa kupe. Mama Ndama alifarijika kumwona. Hakujua, au alijua akanyamaza, kwamba shashi akishamtoa kupe hunywa kwenye kidonda. Kulikuwa na Shashi wa mnunuzi na Shashi wa Kupe, na wote wawili walilipwa na Nyumbu, ndivyo sheria za msitu zilivyo. Shashi wa mnunuzi alifika akaunti ikiwa bado na joto, akadai kwanza ushuru wa stempu.

"Asilimia 4 au 2?" aliuliza Mama Ndama. "Nasikia shamba ni asilimia 2."

Shashi alichungulia ramani. "Hapa ni manispaa. Asilimia 4. Laki tatu."

"Lakini hakuna lami, hakuna mtaro, hakuna taa."

"Ah, kwa mambo hayo bado ni shamba."

Ujenzi ukaanza. Mkandarasi alikuwa Ngiri, bingwa wa kuchimba, na mtu yeyote aliyejenga Kitengela atakwambia kwamba vita vyote viko katika kuchimba. Udongo wa kule ni mweusi, wa mfinyanzi, unaonyonya maji wakati wa mvua ukavimba, na kiangazi ukanywea na kupasuka nyufa unazoweza kupotezea kiatu. Nyumba ikisimamishwa juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka hadi kuta zikatike. Dawa yake haina siri: udongo ule uchimbwe wote utolewe hadi ufikie mwamba au ardhi ngumu, ujazwe kifusi kizuri, ushindiliwe. Mchwa, wahandisi wa ukoo na ukoo, walilisema hilo kwenye ripoti yao. Ngiri aliisoma ripoti, akapiga magoti kama kawaida yake, akaanza kuchimba.

Alipofika nusu, Twiga akainama. Kuinama kwa Twiga ni shughuli: lazima atanue miguu ya mbele kwanza. "Unachimba nini huko?"

"Bado mwamba, bwana."

"Mteja atakaa huko chini?"

"Hapana, bwana."

"Basi panda juu."

Ahadi ilikuwa miezi 18. Miezi 18 ikaisha kuta zikiwa zimefikia dirishani. Sababu zilitolewa kwa mpangilio: bei ya chuma, mvua, dola, uchaguzi, mvua tena. Twiga hakukataa kwamba nyumba itakamilika. Kila aliyempigia simu aliambiwa anaiona. Nyumbu kwa wakati huo alilipa pande mbili, kwa Simba ili alale, na kwa Kupe riba ya nyumba asiyolala. Ukoo ukazidi kupungua.

Mwaka wa nne akakabidhiwa ufunguo. Nitasema kwa haki kwamba siku ile ilikuwa siku. Mama Ndama mwenyewe alipiga vigelegele. Ndama walikimbia kutoka chumba hadi chumba wakipiga kelele ili wasikie mwangwi, na usiku, kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, hakuna aliyeitwa pembeni. Nyumbu alilala sakafuni, kichwa karibu na mlango, akisikiliza. Hapakuwa na ngurumo. Ningekuwa mimi ningelipa chochote kwa usiku huo mmoja, na wanaouza nyumba wanalijua hilo kuliko sisi.

Mvua za masika zilikuja, ukuta wa sebule ukatabasamu. Ufa ulianzia juu ya dirisha ukashuka hadi sakafuni, na Ngiri alipoitwa alisema nyumba inajiweka sawa. Kisima cha mtaa kilichimbwa, kirefu kweli, kikatoa maji ya chumvi ambayo sabuni haikukubali kutoa povu ndani yake. Maji mengi ya ardhini katika nyanda zile yana floraidi pia; meno ya ndama yaliyoota baadaye yaliota na madoa ya kahawia. Maji ya kunywa yaliletwa na Kiboko, aliyejaza mdomo kwenye mabwawa ya mbuga na kuuza kwa tangi. Mbuga hiyohiyo waliyohama. Mama Ndama alipolipa mara ya kwanza alikumbuka kwamba kwa Simba maji yalikuwa bure, akalitunza wazo hilo asimwambie mtu.

Na safari? Nyumbu alitoka saa kumi na nusu alfajiri. Akisubiri saa kumi na mbili, angefika kazini wenzake wamekwisha kukimbia na kurudi. Makanga alikuwa Nyani, aliyepandisha nauli tone la kwanza la mvua likigusa kioo. Barabara ya Namanga hadi makutano ya Athi River, kusimama, Mlolongo, kusimama. Pale Mlolongo huanza ile barabara ya juu ya kilomita 27 iendayo Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, inayotumiwa kwa kulipia. Wenye mabawa ya fedha walipanda juu wakaruka. Nyumbu alibaki chini, kwenye kivuli cha nguzo zao, na kule mbele, juu ya migunga ya mzunguko wa Nyayo, makorongo wenye vipara walikaa wakiitazama foleni kama wazee wa baraza wanaosikiliza kesi waliyokwisha kuiamua.

Korongo mmoja, mkongwe, alifanya hesabu akamwambia jirani yake. "Babu ya huyo nyumbu alihama mara mbili kwa mwaka. Huyo anahama mara mbili kwa siku. Njia ni ileile."

"Babu alilipa kiasi gani?"

"Alimlipa simba mmoja mmoja njiani."

"Na huyu?"

"Huyu anaye Kupe. Simba hushiba."

Mtaani kwenyewe mambo ya kawaida. Punda Milia alichaguliwa mwenyekiti wa wakazi, akagawanya mtaa katika walio weupe wenye mistari myeusi na walio weusi wenye mistari myeupe. Ada ya huduma ilitozwa kwa lango ambalo halijajengwa, bwawa la kuogelea ambalo lilikuwa shimo, na mlinzi Mbweha aliyelinda usiku kuku wasivuke. Sitakaa hapo, kila anayeishi mtaa wa lango moja anao mkutano wake.

Jambo zito lilikuwa hati. Mama Ndama alikuwa amekataa kusahau. Akaenda masjala ya ardhi, akamkuta karani Kobe. Mwaka 2021 serikali ilikuwa imezindua mfumo wa kompyuta uitwao Ardhisasa, ukaanzia Nairobi, ili faili zisitembee tena. Habari hizo zilikuwa bado zinamfikia Kobe. Alikwenda kuleta faili, na Mama Ndama akapata muda wa kufuma sweta mbili.

"Shikamoo, mzee. Naomba kujua hati ya nyumba yetu iko wapi."

"Marahaba, mwanangu. Hati ya nyumba yenu haijazaliwa," alisema Kobe. "Kuna hati mama tu, ya kiwanja kizima. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo inataka kila nyumba itolewe hati yake, na hiyo ni sheria nzuri, nimeisoma mara nne. Lakini hati mama ikiwa imeshikwa, haiwezi kuzaa."

"Imeshikwa na nani?"

Kobe akageuza ukurasa. Alikuwa na huruma, akaugeuza taratibu kuliko kawaida. "Twiga alikopea hati hii kabla ya msingi kuchimbwa. Aliyemkopesha ni Kupe."

"Kupe yupi?"

"Kwani mna wangapi? Kupe wenu."

Yaani nyumba ilikuwa na kupe wawili, na wote ni mmoja. Alimkopesha Twiga pesa za kujenga, akamkopesha Nyumbu pesa za kumlipa Twiga, ili Twiga amlipe yeye. Mama Ndama alimkabili Shashi: hukuyaona haya? Shashi alijibu bila haya kwamba aliyaona tangu siku ya kwanza na yalimtuliza sana moyo, maana Kupe hawezi kujiuma mwenyewe.

Kweli hakujiuma. Twiga alipochelewesha malipo yake, tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya lango lisilokuwepo: kiwanja chote, pamoja na kila kilichosimama juu yake, kitauzwa baada ya siku 90 deni lisipolipwa. Nyumbu aliyekuwa hajachelewesha hata mwezi mmoja alilisoma mara tatu, kisha akaenda kazini, kwa sababu ilikuwa saa kumi na nusu.

Wakazi wakafanya mkutano wa hasira. Waliamua kumshtaki Twiga, wakachanga pesa za wakili, wakili akawa Shashi. Waliamua pia wasiseme lolote nje ya mtaa, kwani habari zikienea bei ya nyumba itaanguka, na wapo waliotaka kuuza. Hilo la pili lilipitishwa kwa kauli moja, hata Mama Ndama alinyoosha kwato.

Siku ya 60 Twiga akatokea mwenyewe, kope ndefu zikiwa na majonzi. Hakukataa lawama. Alisema deni linaweza kulipwa lote na hati zote zizaliwe, ikiwa tu nyumba 80 za Awamu ya Pili zitauzwa haraka, ng'ambo ya kijito, palipobaki upenyo wa mwisho wa nyasi kati ya uzio na uzio. Bei inaanzia milioni 8.9. Mkazi yeyote atakayeleta mnunuzi atapata kamisheni ya asilimia 2.

Kimya kilipita. Wakaanza kutoa simu, mmoja mmoja, wakitafuta majina.

Nyumbu alimpigia mdogo wake, ambaye bado alikuwa mpangaji wa Simba. "Ndugu yangu," alisema, na sauti haikumtetemeka, "Simba akishashiba, anakupa hati?"

Mdogo mtu alilipa rubuni Ijumaa. Kamisheni ilikuwa shilingi 178,000, na mwezi ule na uliofuata Nyumbu alimlipa Kupe kwa wakati, zikabaki 28,800 za maji.